Mtoto auliza, mzee ajibu: Funzo la Pasaka ya Wayahudi kwa chekechea za Kitui na Makueni

MTOTO wa miaka mitatu anaweza kuelewa nini kuhusu utumwa? Anaweza kuambiwa nini juu ya taifa zima lililoondoka ugenini usiku, likabeba unga uliokandwa kabla haujaumuka, na kushika njia ya jangwani?

Wengi wetu tungejibu kwamba hawezi kuelewa lolote, na kwamba ni heri asubiri hadi ajue kusoma. Wayahudi, ambao wamekuwa wakisimulia kisa hicho kila mwaka kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wana jibu tofauti. Kwao, mtoto mdogo ndiye mgeni wa heshima katika sikukuu ya Pasaka. Sherehe nzima imepangwa ili asisinzie, ashangae na hatimaye aulize.

Ndiyo sababu katika shule za chekechea za Kiyahudi, majuma machache kabla ya sikukuu hiyo, darasa hugeuka kuwa uwanja wa mchezo. Watoto hufagia, hukanda unga, huelea wanasesere ndani ya beseni, hurukaruka kama vyura na kuvuka "bahari" ya kitambaa cha buluu. Hakuna daftari wala mtihani. Hata hivyo, historia ya watu wao huwaingia.

Shule hizo ziko mbali na Ukambani, lakini swali linalojibiwa humo linawahusu sana wazazi na walimu wa Kitui na Makueni. Ni mara ngapi mzazi amempokea mwanawe jioni, akafungua mkoba, akakuta daftari tupu na kulalamika kwamba watoto "wanacheza tu"? Na ni mara ngapi mwalimu, kwa kuogopa lawama hiyo, amewaketisha watoto wa miaka minne kwenye madawati tangu asubuhi, wakiimba herufi zilizoandikwa ubaoni bila kujua zina kazi gani?

Makala haya yanaeleza jinsi Pasaka inavyofundishwa kwa mchezo, kwa nini mbinu hiyo hufaulu, na yale ambayo mwalimu wa chekechea huko Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi anaweza kuyachukua na yale anayofaa kuyaacha.

Pasaka mbili, jina moja

Kwanza, ni muhimu kuondoa utata. Kwa Kiswahili tunatumia neno moja, Pasaka, kwa sikukuu mbili. Pasaka ya Wakristo ni ukumbusho wa kufa na kufufuka kwa Yesu. Pasaka ya Wayahudi ni ukumbusho wa Waisraeli kutoka utumwani Misri wakiongozwa na Musa, kisa kinachosimuliwa katika kitabu cha Kutoka.

Sikukuu ya Wayahudi huanza jioni, tarehe 15 ya mwezi wa Nisani katika kalenda yao, ambayo kwa kawaida huangukia Machi au Aprili. Huadhimishwa kwa siku saba nchini Israeli, na kwa siku nane miongoni mwa Wayahudi wengi wanaoishi kwingineko.

Katika siku hizo hawali mkate uliotiwa chachu, wala chochote cha ngano, shayiri au nafaka nyingine za jamii hiyo kilichoumuka. Badala yake wanakula matza, mkate bapa wa unga na maji, kwa kumbukumbu ya wahenga wao walioondoka kwa haraka. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uokwe kikamilifu, haziruhusiwi kupita dakika 18.

Kisa chenyewe si kigeni kwa wakazi wa Ukambani. Wamishonari wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika eneo ambalo leo ni Makueni, mwaka wa 1895. Tangu enzi hizo, Musa na Farao wamekuwa wakitajwa katika makanisa ya vijiji vingi. Waislamu nao wanamfahamu Nabii Musa kupitia Kurani, na wengi wao hufunga siku ya Ashura wakikumbuka jinsi alivyookolewa kutoka mkononi mwa Farao.

Kwa hivyo jambo geni hapa si kisa, bali ni namna ya kukisimulia kwa mtoto ambaye bado anajifunza kufunga vifungo vya shati lake.

Sherehe iliyojengwa juu ya swali

Usiku wa kwanza wa Pasaka, jamaa za Kiyahudi hukusanyika kwa mlo unaoitwa Seda, neno linalomaanisha utaratibu. Mezani huwekwa sahani yenye vyakula vya ishara. Kuna mboga chungu za kuwakumbusha uchungu wa utumwa. Kuna haroseti, mchanganyiko mtamu wa matunda na kokwa zilizosagwa, unaofanana na udongo wa matofali. Kuna mboga ya majani inayochovywa katika maji ya chumvi, ambayo ni mfano wa machozi. Kuna pia yai na mfupa uliochomwa.

Kisha huja sehemu ambayo kila mtoto huisubiri. Mdogo kuliko wote anayeweza kusema huimba maswali manne. Anauliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine: kwa nini mkate bapa, kwa nini mboga chungu, kwa nini kuchovya mara mbili, kwa nini kuketi kwa kuegemea. Usimulizi wote unaofuata, ambao huandikwa katika kitabu kinachoitwa Hagada, ni jibu la maswali hayo.

Tazama mpangilio huo kwa makini. Mzee haanzi kwa kuhubiri. Anaanza kwa kunyamaza, mtoto akauliza, ndipo naye akapata idhini ya kusema.

Hagada pia inataja watoto wa aina nne: mwenye hekima, mkaidi, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Kila mmoja hupewa jibu linalomfaa. Kwa yule wa nne, mzazi anaagizwa aanze mazungumzo yeye mwenyewe. Walimu wa chekechea huwaona wanafunzi wao katika mtoto huyo wa nne. Hajakosa akili, ila hajapata maneno, na mtu mzima ndiye wa kumfungulia mlango.

Mbinu za kumchangamsha mtoto si uvumbuzi wa juzi. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya wahenga wa Kiyahudi, inaeleza kwamba Rabi Akiva, aliyeishi karne ya kwanza na ya pili, alikuwa akiwagawia watoto nafaka zilizokaangwa na kokwa usiku wa Pasaka ili wasilale, wapate kuuliza.

Katika jamii nyingi hufichwa kipande cha matza kiitwacho afikomani, na mlo hauwezi kukamilishwa hadi watoto wakitafute na kukileta, nao hupewa zawadi. Baadhi ya Wayahudi wenye asili ya nchi za Mashariki ya Kati hufunga matza kwenye kitambaa, mtu akajitwika begani na kuulizwa atokako na aendako, naye akajibu kwamba anatoka Misri na anaelekea Yerusalemu. Huo ni mchezo wa kuigiza uliowekwa katikati ya ibada.

Darasani mambo huwaje?

Shule ya chekechea huichukua sherehe hiyo ya usiku mmoja na kuitandaza kwa majuma kadhaa, kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho mtoto wa miaka miwili hadi mitano anaweza kukimudu.

Kazi ya kwanza ni usafi. Kabla ya Pasaka, nyumba za Kiyahudi husafishwa hadi makombo ya mkate yaishe, na usiku wa kuamkia mkesha wa sikukuu huwa na msako kwa mwanga wa mshumaa, unyoya na kijiko cha mbao. Wengi huficha vipande kumi vya mkate makusudi ili msako usitoke mikono mitupu. Darasani, watoto hupewa vijifagio na kurunzi, wakatambaa chini ya meza wakitafuta vipande alivyovificha mwalimu. Wanahesabu vilivyopatikana. Hapo hapo wamejifunza hesabu, ushirikiano, na kwamba sikukuu inakaribia.

Kazi ya pili ni kisa cha mtoto Musa. Beseni la maji huwekwa katikati, na mwanasesere hulazwa ndani ya kikapu. Kitaelea au kitazama? Watoto hujaribu. Mmoja huwa dada anayechungulia kutoka matetini, mwingine huwa binti Farao. Hapa ndipo mtoto mdogo hushikwa na kisa, kwa kuwa kinamhusu mtoto mwenzake.

Kazi ya tatu ni ujenzi. Watoto hufinyanga matofali ya udongo, huyapanga na kuyabeba. Mikono inachoka. Mwalimu anauliza: je, ungependa kufanya kazi hii kutwa nzima bila kupumzika? Jibu la mtoto ni maelezo yake ya kwanza ya utumwa, naye hakusomewa kitabuni.

Kazi ya nne ni mkate. Unga na maji huchanganywa, saa ikawekwa, na kila mtoto akasukuma na kutoboatoboa donge lake kabla muda haujaisha. Haraka hiyo huleta kicheko, lakini ndiyo kiini cha hadithi: watu walilazimika kuondoka kabla chachu haijafanya kazi.

Hatimaye huja kuvuka bahari. Vitambaa viwili vya buluu hushikwa na watu wazima, vikapepea kama mawimbi, kisha vikatengana. Watoto hupita katikati na vifurushi vyao, wakaimba upande wa pili. Wanataka kurudia mara tano, nao huruhusiwa, kwani kurudia ndiko kusoma kwa umri huo.

Mwishoni shule nyingi huandaa Seda ya mfano, wazazi wakaalikwa, na watoto wakaimba maswali manne mbele yao. Usiku wa sikukuu ufikapo nyumbani, mtoto hayuko tena ugenini. Anaijua sahani, anaujua wimbo, na anaingoja zamu yake.

Kwa nini mchezo hufundisha

Wataalamu wa makuzi ya watoto wameeleza jambo hili kwa muda mrefu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya kwanza ya aina hii mwaka wa 1837, aliuona mchezo kuwa kazi yenye uzito kuliko zote katika maisha ya mtoto mdogo. Baadaye, Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba mtoto wa umri huo hufikiri kupitia vitu anavyovishika, si kupitia dhana. Lev Vygotsky wa Urusi naye alieleza kwamba katika mchezo wa kuigiza mtoto hujitawala kuliko kawaida yake, kwa sababu anafuata kanuni za uhusika aliouchukua.

Kwa lugha rahisi, neno "uhuru" halina maana kwa mtoto wa miaka mitatu. Lakini kubeba tofali zito, kisha kulitua na kukimbia, kuna maana. Mwili huelewa kwanza, na neno huja baadaye kukipa jina kile ambacho mwili umekwisha kukijua.

Isitoshe, muda wa mtoto kutulia ni mfupi. Hotuba ya nusu saa humpita kama upepo. Kazi ya dakika kumi inayomhusisha kwa macho, mikono, pua na ulimi humkaa. Ndiyo maana sahani ya Seda ni chombo bora cha kufundishia: uchungu unaonjwa, machozi yanaonjwa, utamu pia unaonjwa.

Yasiyosemwa kwa mtoto

Swali gumu kuliko yote ni jinsi ya kueleza ukatili. Kisa cha Kutoka kina watoto wachanga wanaotupwa mtoni, mapigo kumi, na kifo cha wazaliwa wa kwanza wa Misri. Mwalimu wa watoto wadogo afanye nini?

Walimu wengi huchagua. Kwa wadogo kabisa, huzungumzia kikapu, vyura, safari na wimbo. Vifo huachwa hadi miaka ya baadaye. Huko si kudanganya. Ni kufuata kanuni ya kale ya wahenga wa Kiyahudi kwamba baba humfundisha mwanawe kwa kadiri ya ufahamu wake.

Vilevile, desturi yenyewe ina somo la huruma. Wakati mapigo kumi yanapotajwa mezani, kila mtu hupunguza tone la divai kikombeni kwa kila pigo. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba furaha haipaswi kujaa pomoni ilhali wengine waliumia, hata kama walikuwa maadui. Mtoto huweza kulifanya hilo kwa kidole na maji ya zabibu, na akalikumbuka hadi uzeeni.

Wayahudi wa Afrika Mashariki

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya yote ni mambo ya ng'ambo. Sivyo. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilimpa Theodor Herzl pendekezo la kuwapa Wayahudi makao katika uwanda wa Uasin Gishu. Mkutano mkuu wa harakati za Kizayuni uliukataa mpango huo mwaka wa 1905. Hata hivyo, Wayahudi wachache walihamia Kenya, na sinagogi la kwanza la Nairobi likajengwa kati ya 1912 na 1913.

Jirani zetu wa Uganda wana kisa cha kipekee. Karibu na mji wa Mbale huishi Abayudaya, jamii ya Waafrika iliyoifuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka wa 1919 chini ya kiongozi wao Semei Kakungulu. Utawala wa Idi Amin uliipiga marufuku dini yao, na baadhi yao wakaendelea kuabudu kwa siri.

Kampala ilitwaliwa na Amin akang'olewa Aprili 11, 1979, siku iliyokuwa mkesha wa Pasaka ya Wayahudi. Kwa Abayudaya, basi, hadithi ya kutoka utumwani ina sura mbili: ile ya Misri, na ile ambayo wazee wao waliishuhudia kwa macho. Jamii hiyo ina shule ya msingi iitwayo Hadassah, ambamo watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja.

Ukambani hakukosa walimu

Ni kosa kudhani kwamba mbinu ya mchezo ni mali ya wageni. Kabla ya shule kujengwa, watoto wa Wakamba walifundishwa jioni kando ya moto. Susu, yaani nyanya, alitamba mbano, ngano za wanyama na majitu. Watoto walitegana ndai, vitendawili. Mtegaji aliwataka wenzake waikamate ndai, nao wakakubali kuikamata kabla ya kufumbua. Hilo nalo ni darasa linaloanza kwa swali.

Wakamba pia wana namna yao ya kutunza historia ya shida. Kila njaa kubwa ilipewa jina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye. Ile ya mwaka wa 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa kuwa hata mwenye fedha hakupata chakula cha kununua. Jina fupi hubeba kisa kirefu, kama vile mkate bapa unavyobeba kisa cha Misri.

Tofauti ni hii: Wayahudi wamempa mtoto siku maalumu ya kuuliza maana ya mkate ule. Mtoto wa Kitui wa leo anaweza kusikia jina la njaa fulani likitajwa na wazee bila yeyote kumfungulia mlango wa kuuliza kwa nini iliitwa hivyo, watu waliokoka vipi, na nani alimgawia nani chakula.

Na shida si ya zamani tu. Nzige walivamia Kitui mapema mwaka wa 2020. Ukame uliofuata ulitangazwa kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na uliendelea hadi mwaka wa 2023. Watoto waliozaliwa nyakati hizo ndio walioingia chekechea baadaye. Waliona punda wakisafirishwa mbali kutafuta maji, na sufuria zikipikwa nusu. Wana mambo ya kueleza, lakini maneno hawana. Mchezo huwapa maneno hayo.

Sera iko, utekelezaji je?

Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, una madarasa mawili ya chekechea, PP1 na PP2, na dini ni miongoni mwa maeneo ya kujifunza, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Sera ya elimu pia inaelekeza kwamba lugha ya eneo itumike katika miaka hiyo ya mwanzo, kumaanisha kwamba Kikamba ni lugha halali darasani huko mashambani.

Aidha, Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, ambao unatambua mchezo kuwa haki. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 imelisisitiza jambo hilo. Kwa hivyo mwalimu anayewachezesha watoto haibi muda wa masomo, bali anatii sheria.

Ugumu uko kwingine. Darasa moja huweza kuwa na watoto wengi kwa mwalimu mmoja, vifaa ni haba, na mzazi hupima elimu kwa kurasa zilizojaa. Je, kuna lifanyikalo kwa mikono mitupu?

Lipo. Mazingira ya Kitui na Makueni yana vifaa tele kwa kisa hiki. Kikapu cha Musa ni kiondo, ambacho mama na nyanya wengi wa eneo hilo wanajua kukisuka. Matofali si jambo la kubuni, kwani watoto huona udongo ukikanyagwa na tanuri zikichomwa vijijini. Bahari iliyokauka ni rahisi kwa mtoto anayeishi karibu na mito ya msimu kama Tiva, Kaiti au Thwake. Anajua kwamba leo huvukwa kwa miguu mikavu, na kesho ikijaa hakuna apitaye. Leso mbili zatosha kuwa mawimbi.

Mkate usiotiwa chachu ni chapati, ambayo mtoto huifahamu. Uchungu waweza kuwa jani la mnavu lililochemshwa. Nao usimulizi ufanywe kwa Kikamba, chini ya mwembe, watoto wakigawanywa vikundi: baadhi udongoni, baadhi kwenye beseni, baadhi wakiimba, kisha wabadilishane.

Tahadhari nne

Kwanza, mwalimu asigawe watoto kuwa watumwa na wanyapara, mmoja akimfokea mwenzake. Mchezo wa kudhalilishana hufundisha kudhalilisha. Wote wawe wajenzi, na wote wavuke.

Pili, chakula kisichezewe. Vitabu vya ng'ambo hupendekeza maharagwe na mchele vigundishwe kwenye karatasi kuwa mapambo. Mtoto ambaye uji wa shuleni ndio mlo wake wa kwanza hapaswi kuona ndengu zikigundishwa ukutani. Kokoto, mbegu za miti na maganda ya mibuyu hufaa zaidi. Kinachopikwa darasani kiliwe.

Tatu, imani ya watu iheshimiwe. Katiba inampa kila mmoja uhuru wa dini, na Kenya haina dini ya taifa. Ni vyema mtoto wa Kikristo au wa Kiislamu ajue kwamba Wayahudi huadhimisha Pasaka kwa namna yao. Si vyema ibada ya watu ifanywe maigizo ya mzaha, wala mtoto ashurutishwe kushiriki ikiwa wazazi wake hawaridhii.

Nne, mzazi aelezwe. Shule za Kiyahudi huwaalika wazazi kwenye Seda ya mfano, nao hujionea kile ambacho watoto wamejifunza. Mwalimu wa Wote au Mwingi anayewaita wazazi siku moja mwishoni mwa muhula, watoto wakaigiza kisa na kutega ndai mbele yao, atakuwa amejibu lawama ya daftari tupu kwa njia bora kuliko hotuba. Mzazi atamsikia mwanawe akihesabu, akisimulia kwa mpangilio na kutaja rangi, na atajua kwamba "kucheza tu" kulikuwa na mavuno.

Mtoto asinyamazishwe

Katika yote tuliyoyaeleza, funzo kubwa halina gharama. Halihitaji beseni, leso wala udongo. Ni kumpa mtoto ruhusa ya kuuliza, na mtu mzima kujiandaa kujibu.

Mara nyingi katika nyumba zetu mtoto anayeuliza sana huambiwa kwamba ana mdomo, au kwamba haya ni mambo ya watu wazima. Katika madarasa yetu huambiwa akae chini, wenzake wamechelewa. Baada ya miaka michache huwa ametii. Hauliza tena. Ndipo tunapoanza kushangaa kwa nini kijana wa sekondari hana swali hata moja baada ya somo.

Wayahudi wamepitia uhamisho, mateso na mauaji ya halaiki, na mara kwa mara hawakuwa na nchi, jeshi wala mali. Katika hali hizo zote, usiku mmoja wa mwaka, mdogo kuliko wote aliombwa aulize, na wakubwa wakamjibu. Kisa hakikupotea.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuitumia methali hiyo tukimaanisha kiboko na amri. Lakini mkono unaokunja waweza pia kuwa ule unaomshika mtoto na kumvusha mto mkavu wa mchanga, akiimba, huku akiuliza mto huu hutoka wapi na huenda wapi. Mwalimu na mzazi wa Kitui na Makueni wanalo jibu. Kilichobaki ni kumwacha mtoto aulize.